Uko na Nani?

Msichana akisafiri peke yake Pwani, kutoka Lunga Lunga mpaka Lamu, kuna swali moja litakalomfuata njia nzima. Makanga wa Ukunda atamuuliza. Muuza viazi karai wa Kilifi atamuuliza. Pale Mokowe, kabla ya kupanda boti ya kuvuka kwenda Lamu, ataulizwa tena: "Uko na nani?" Akijibu "peke yangu," kutakuwa na kimya kidogo, kisha litakuja la pili: "Peke yako kivipi?"

Nimeijua barabara hiyo kwa matatu, basi, feri na boda, na jibu langu lilikuwa lile lile kila mara. Watu wengi wa rika langu huliona swali hili kuwa umbea tu. Wazee wetu huliona kuwa adabu. Mimi naona ni maswali mawili yaliyovaa nguo moja: moja linamjali mtu, lingine linamtafuta mwenye mtu. Na kuyatofautisha si kazi rahisi.

Kwanza tukubaliane, hakuna anayesafiri peke yake, bana. Picha ya Instagram inaonyesha miguu, mchanga na bahari. Haionyeshi dere aliyeamka saa kumi alfajiri. Haionyeshi kwamba kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, anayeenda Malindi alisubiri feri kwanza. Pale Likoni unavuka bure ukiwa kwa miguu, umebanwa na mamia ya watu, na maisha yako yako mikononi mwa fundi ambaye hutawahi kumwona. Hilo si jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, wakafa watu 272. Kesho yake watu bado walikuwa na kazi ng'ambo ya pili, na njia ilikuwa ile ile ya maji. Uhuru wangu wa kujiendea unabebwa na watu wengi ambao hawajawahi kuniuliza kama nataka kubebwa.

Na wao pia wanahitaji kubebwa. Kati ya Kilifi na Malindi, mama aliyekaa kando yangu alinipa mtoto. "Hebu nishikie, dada," akasema, akaanza kufungua fundo la leso kutafuta nauli. Hakuniuliza niko na nani. Hakuniuliza hata jina. Alikuwa na mikono miwili na kazi tatu, na mimi nilikuwa na mikono iliyokaa bure. Yule mtoto alinikagua kama mtu wa ushuru, akaridhika, akalala kifuani pangu hadi karibu na Gede. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha tunakumbuka nusu ya kwanza tu, ile ya kumkaribisha mgeni. Nusu ya pili inasema mwenyeji naye ana shida zake, na mgeni ana mikono.

Mambo yangekuwa ya kuishia hapo ningeandika insha tamu kuhusu ukarimu wa Pwani. Lakini kuna lojing'i moja, mji siutaji, niliyoingia jioni. Jamaa wa kaunta akauliza, "Uko na nani?" Nikamwambia niko peke yangu. Hakunitazama usoni, alitazama nyuma yangu, mlangoni, kana kwamba kuna mtu ananifuata na mizigo. Kisha akasema vyumba vimejaa. Mwanaume aliyeingia baada yangu alipewa ufunguo nikiwa bado nafunga zipu ya begi.

Nilikuwa na pesa. Nilikuwa na kitambulisho. Kilichokosekana ni mwanaume wa kusema, "Huyu ni wangu." Rafiki yangu wa kiume alipita barabara hiyo hiyo, begi kama langu, na alichoulizwa kila mahali ni "Unaenda wapi?" Yeye anaulizwa mwisho wa safari yake. Mimi naulizwa mwenyewe wangu.

Halafu kuna mara ya tatu, ambayo ndiyo ngumu zaidi. Jua linazama, barabara ni ya mchanga, niko nyuma ya boda, nyumba zimeisha. "Huko unakoenda uko na nani?" Nikajibu haraka, "Kaka yangu ananingoja hapo mbele." Sina kaka.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba uongo ni kosa hata kama muuaji amekuja mlangoni kukuuliza rafiki yako amejificha wapi. Kant aliishi karibu maisha yake yote Königsberg na sidhani aliwahi kufikiria swali hili akiwa msichana, kwenye mchanga, saa kumi na mbili na nusu jioni. Hata hivyo hoja yake ina uzito. Tukizoea kudanganyana, neno la mtu halitakuwa na thamani tena, na barabara nzima inaendeshwa kwa neno la mtu. Na kusema kweli, yule boda huenda alikuwa anapiga stori tu. Alichukua nauli tuliyopatana, akaniambia usiku mwema.

Lakini naona ukweli ni deni tunalomlipa yule anayetuachia nafasi ya kutojibu. Mama wa matatu angeniuliza niko na nani, ningeweza kucheka na kunyamaza, na hakuna ambacho kingebadilika. Juu ya ile boda, kunyamaza kwenyewe kungekuwa jibu: ndiyo, niko peke yangu, na hakuna anayejua niko wapi. Ambaye hawezi kukataa swali halazimiki kulijibu kwa ukweli. Gharama ipo, sikatai. Mtu ambaye pengine hana kosa lolote alibebeshwa sura ya mwindaji. Ila bili hiyo wapelekewe wanaume walioifanya jioni iwe hivyo kwa wasichana, kwa sababu ndio wanaoharibu jina la kila boda anayefanya kazi yake kwa heshima.

Msomaji wa kiume asidhani haya ni ya wasichana tu. Serikali nayo huuliza uko na nani, na jibu lake ni kitambulisho. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya miongo mingi bila karatasi za uraia. Mwaka 2016 walianza safari kwa miguu kuelekea Nairobi ili wakadai haki hiyo, na ndipo serikali ikawatambua. Wapemba wa Pwani, wengi wao wavuvi, walisubiri hadi 2023. Kwa watu hao, safari ya kujiendea tu ilikuwa anasa. Kizuizi kimoja barabarani kingetosha kuimaliza.

Na Desemba 2015 wapo waliolijibu swali hili vizuri kuliko mimi. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na watu wenye bunduki, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Nia yao ilikuwa wazi. Uko na nani? Abiria Waislamu wakakataa kutengana. Wanawake wengine walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafa kwa majeraha hayo. Filamu fupi kuhusu kisa hicho, Watu Wote, iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Abiria wale hawakuwa ukoo mmoja. Waliunganishwa na tiketi tu. Lakini walipoulizwa, jibu lao lilikuwa kwamba wako na kila aliyekuwa ndani ya basi.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ukiniuliza niko na nani, jibu langu utalifanyia nini? Ukilitumia kuninyima chumba, swali lako ni geti. Ukilitumia kupima kama kuna wa kunitetea, swali lako ni mtego. Ukilitumia kujiongeza wewe kwenye orodha ya watu walio nami, basi uliza, nitakujibu vizuri na mahamri tutagawana.

Ila kuna njia rahisi zaidi ya kujali, isiyohitaji kumjua mwenye mtu. Dada mmoja aliyeshuka Mtwapa aliniambia, "Ukifika unibip," akanipa namba yake. Hakutaka kujua ninafika kwa nani.

Na kama huna namba ya kutoa, kuna hili. Siku moja utakuwa kwenye matatu ya usiku, na msichana mwenye begi atashuka kwenye steji isiyo na taa. Usimuulize yuko na nani. Mwambie dere asiondoe gari kwanza, amulike taa mpaka avuke.