Mtoto Mmoja na Asilimia Ishirini

Liko swali moja ambalo limenisumbua tangu nilipostaafu ualimu. Nimeona niliweke hapa wazi, ingawa kulieleza kunanilazimu nijitaje kwa ubaya. Swali lenyewe ni hili: je, shule ipo kwa ajili ya mtoto, au mtoto yupo kwa ajili ya shule?

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya serikali ya watoto viziwi. Mwaka 2009 tulikuwa na wanafunzi 38 kwa madarasa yote, na darasa la saba lilikuwa na watahiniwa watano tu. Kila mwaka nilibanwa pande mbili. Huku niliulizwa kwa nini wanafunzi ni wachache hivyo, ilhali walimu na bweni vinagharimu fedha. Huku niliulizwa kwa nini wachache haohao wanafeli. Na palipo na watahiniwa watano, kila mtoto ni asilimia 20. Mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, shule nzima imeporomoka.

Januari ya mwaka huo alikuja mkulima mmoja na binti yake wa miaka 12, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa. Nyumbani kwao hakuna aliyejua lugha ya alama. Walimshika bega, wakamwonyesha jembe au ndoo kwa kidole, basi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa hapa ndipo wanapofundishwa watoto kama huyu."

"Marahaba. Mbona umemchelewesha hivi, baba?"

"Sikujua kama kuna shule ya namna hii."

Nilimwamini. Mtoto anayesikia hufika darasa la kwanza akiwa na lugha tayari, aliyoiokota bure mgongoni mwa mama yake. Lakini zaidi ya watoto viziwi 9 katika kila 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wao hukutana na lugha kwa mara ya kwanza shuleni. Binti yule angehitaji miaka ya kujifunza yale ambayo mwenzake anayesikia huyajua kabla ya kuota meno yote. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Nikimwandikisha, daftari litapata jina moja zaidi. Akifika darasa la saba, matokeo yatashuka. Mwaka ule matokeo ndiyo yaliyoniuma zaidi. Nikamwambia yule baba kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, kwamba bweni limejaa, na kwamba amlete tena mwakani. Bwenini kulikuwa na vitanda vinne vitupu. Mwakani hawakurudi.

Mwaka huohuo 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaotaka mtoto kiziwi afundishwe kwa lugha ya alama. Lakini nisijifiche nyuma ya sheria. Hata bila mkataba nilijua kwamba nimekosea.

Hebu sasa tujiulize, zile asilimia nilizozilinda zilipima nini? Siku moja niliwapa wanafunzi swali hili: Juma alinunua maembe 12, akamgawia Asha 5, alibakiwa na mangapi? Kijana mmoja akaandika 17. Nikamwuliza swali lilelile kwa alama, akajibu 7 kabla sijashusha mikono. Kutoa alikujua sana. Kilichomshinda ni neno "akamgawia", ambalo ndani yake mmejaa aliyetoa, aliyepewa na tendo lenyewe, na ambalo yeye hajawahi kulisikia hata mara moja. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, tena anayoijua kwa macho tu. Pale palipoandikwa Hisabati, tulikuwa tukimpima Kiswahili.

Utasema, basi mitihani ifutwe kwa viziwi, au wapewe alama za huruma. La hasha! Cheti ndicho kinachofungua mlango wa sekondari na wa kazi, na huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa kanzu nyeupe. Mwalimu asemaye "maskini, anajitahidi" kisha asimsahihishe, amekwisha kumkatia tamaa. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumhukumu mtoto kwa namba, tujue sisi tumempa nini.

Historia imetuonya. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakaamua kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi na kwamba alama ziondolewe madarasani. Vizazi vya watoto vikanyimwa lugha yao, na waliposhindwa masomo ikasemwa kwamba akili zao ni nzito. Mkutano wa namna ileile ulieleza masikitiko yake juu ya uamuzi huo mwaka 2010, mjini Vancouver. Miaka 130! Aliyemfunga mtoto miguu ndiye aliyesimama mwisho wa uwanja akimhesabia kuchelewa kwake.

Kwa hiyo anayetaka kuipima shule ya viziwi na aulize kwanza: walimu wangapi wanaijua lugha ya alama barabara? Mtoto aliingia akiwa na maneno mangapi, na leo ana mangapi? Na katika vijiji vinavyoizunguka shule, ni watoto viziwi wangapi ambao bado wanaonyeshwa jembe kwa kidole? Akisha kuyajibu hayo, ndipo afungue karatasi ya matokeo.

Binti yule sasa ni mtu mzima, popote alipo. Katika matokeo ya shule yangu hayumo, kwa hiyo hakufeli. Wala hakunipunguzia hata asilimia moja. Mwaka ambao angefanya mtihani nilipongezwa kikaoni kwa kupanda kwa ufaulu, nami nikasimama, nikashukuru.