Mzee Aliimba Siku Moja

Kijana wa kisa hiki aliuza pikipiki yake akapata shilingi milioni 1 na laki 8, akaamua kufungua studio katika chumba alichopanga Mbagala. Chumba kilikuwa cha mita 3 kwa 3, kuta zimepigwa lipu, sakafu ya saruji, juu bati bila dari. Kompyuta mpakato alikuwa nayo, na biti alikuwa akizitengeneza vizuri kwa programu ya FL Studio hata vijana wa mtaani wakaanza kumwita prodyuza. Kwa maoni yake, kilichopungua ni vifaa tu.

Akaingia Kariakoo na picha ya studio aliyoiona kwenye simu. Laki 7 akanunulia maiki ya kondensa, laki 8 spika mbili za inchi 5, na laki 2 na nusu intafesi, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti ya maiki na kuiingiza kwenye kompyuta. Mfukoni ikabaki elfu 50. Hedifoni akaacha. Stendi akaiunda kwa mguu wa feni mbovu. Rafiki yake akamshauri abandike trei za mayai ukutani. Akaufunika ukuta mmoja mzima, akaona chumba kiko tayari.

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa mzee wa mtaa wa pili, mwimbaji wa zamani wa muziki wa dansi, mwenye nyimbo zake ambazo hazijawahi kurekodiwa popote.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Nimeambiwa una mitambo.”

“Ninayo babu, karibu. Imba kidogo nijaribu sauti.”

“Kidogo siwezi. Nikianza, nimeanza.”

Kwa hiyo kijana akapima kiwango cha sauti kwa maongezi ya mzee, si kwa kuimba kwake. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kwenye kiitikio mzee akafungua kifua, taa nyekundu ya intafesi ikawaka, ikawa inawaka kila anapopanda. Kijana aliiona. Akajisemea kwamba ataishusha baadaye kwenye kompyuta. Nje jirani alikuwa anatwanga, bodaboda zinapita, na maiki ya kondensa, kwa jinsi ilivyo nyepesi kusikia, ikachukua vyote. Mzee aliimba nyimbo zake zote alasiri ile, akashukuru, akaenda. Haukupita muda mrefu akapatwa na kiharusi, kikamwondolea kauli.

Hapo ndipo kijana alipofungua kazi ile ili aitengeneze, akakuta haitengenezeki.

Naomba msomaji tukae kidogo hapa, maana pesa nyingi za vijana wetu zinapotelea hapa. Taa nyekundu ikiwaka, maana yake sauti imezidi uwezo wa kifaa na vilele vyake vimekatwa. Ukiishusha baadaye utapata mkwaruzo uleule, ila kwa sauti ya chini. Mwangwi nao ni vivyo hivyo. Sauti ya mwimbaji hufika kwenye maiki moja kwa moja, kisha hufika tena na tena baada ya kugonga ukuta, sakafu na bati, na zote huandikwa pamoja. Programu za kupunguza mwangwi zipo, lakini zikitumiwa kwa nguvu hula na uhai wa sauti yenyewe. Biti unaweza kuibadilisha mwakani, na gitaa utamwita mtu alipige upya. Kilichoingia kwa mdomo wa mwimbaji siku ile ndicho ulicho nacho, na ndicho kilichostahili kulindwa kwa shilingi ya kwanza kabisa.

Trei za mayai hazikumsaidia. Ni karatasi nyepesi. Zinagusa sauti kali za juu kidogo tu, sauti za kati na besi zinazipita kana kwamba hazipo. Kelele za nje hazizizuii hata chembe, kwa sababu kinachozuia kelele ni uzito na kuziba mianya. Hatari yake kubwa ni moto, na hatari hiyo inahusu sponji pia. Januari 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazili, fataki iliyowashwa jukwaani iliunguza sponji ya kupunguza sauti iliyobandikwa kwenye dari ya ukumbi wa Kiss, na watu 242 wakafa, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Chumba chenye dirisha moja, nyaya zilizoungwa ovyo na sponji hadi kwenye soketi sikiiti studio.

Spika za laki 8 nazo zilimdanganya kwa namna yake. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha mita 3 huikuza besi ya karibu hezi 57, na chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinaikuza besi ileile. Meza yake ilimfanya aegemee ukuta wa nyuma, ambako besi hiyo hujaa zaidi. Kila wimbo ukasikika mzito kwake, akawa anapunguza besi; ukipigwa kwenye daladala, unasikika mwembamba kama redio ya mkulima shambani. Hedifoni nzuri ya kuziba masikio ingemwambia ukweli zaidi, tena kwa sehemu ndogo ya bei ile.

Wapo watakaosema bila vifaa vikubwa hakuna kazi. Januari 1982, mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi nyimbo zake katika nyumba ya kupanga huko New Jersey kwa mashine ya kaseti ya TEAC yenye njia nne na maiki mbili za Shure SM57. Alikusudia ziwe za kuionyesha bendi tu. Walipozirudia na bendi kwenye studio kubwa, hazikumridhisha, na kaseti ile ndiyo ikatoka mwaka huohuo kuwa albamu ya Nebraska. SM57 na nduguye SM58 ni maiki za dainamiki: hazihitaji ule umeme wa volti 48 ambao kondensa hudai kutoka kwenye intafesi, na zikiwekwa karibu na mdomo huwa hazisumbuliwi sana na kelele za mbali. Kwa chumba cha Mbagala, ningeanza na maiki ya namna hiyo kabla ya kondensa yoyote. Bandia zake ni nyingi, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayeweza kumrudia, na ijaribu palepale.

Kijana alipokwenda kumjulia hali mzee na kuomba radhi, mjukuu wa kike wa mzee alimchezea wimbo kwenye simu. Aliurekodi mwenyewe kabla ya kiharusi, babu ameketi kitandani, nguo zimening'inia pande mbili, pazia zito dirishani, simu iko shubiri mbili kutoka mdomoni. Haikuwa na taa nyekundu wala mwangwi. Sauti ilikuwa kavu na ya karibu, kila neno linasikika.

“Kaka, hii inafaa?”

“Dada, hii ndiyo kazi. Niongezee zilizobaki.”

Zilikuwa mbili tu. Aliziwekea gitaa na besi kwa uangalifu, akainakili kazi kwenye kompyuta, kwenye flashi aliyomwachia dada yule, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nyimbo nyingine za mzee zimebaki na mkwaruzo wake.

Spika aliziuza kwa hasara. Akanunua hedifoni na maiki ya dainamiki, akatundika mablanketi mazito nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, mbali na soketi, akatandika zulia kuukuu sakafuni. Kazi ya kuimba anaipanga usiku, mtaa ukishatulia, na mvua ikigonga bati anaahirisha. Mwimbaji akifika, humwomba kwanza aimbe pale anapopanda juu kabisa, naye hushusha kiwango mpaka vilele vibaki desibeli 12 chini ya mwisho, ndipo anapobonyeza kitufe cha kurekodi.