Umbali Hupimwa kwa Nini?

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, mstari ulionyooka angani una urefu wa kilomita 1,075 hivi. Ndege isiyotua njiani huuvuka kwa muda wa saa mbili au kuzidi kidogo. Abiria aliyekunywa chai ya asubuhi pwani huweza kula chakula cha mchana akilitazama Ziwa Tanganyika. Jambo hili limekuwa la kawaida hata halimstaajabishi mtu. Lakini lina swali ndani yake, nalo ni hili: njia ikifupishwa, je, wajibu wa mtu kwa mwenziwe haurefuki?

Zamani safari hii ilikuwa ya miguu. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ujiji, jirani ya Kigoma, mwaka ule ukikaribia kwisha. Wapagazi walichukua mizigo mabegani na vichwani; maradhi, njaa na vita vya Mirambo viliwangoja njiani. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na safari ya miezi ikawa ya siku. Kisha ikaja ndege, na siku zikawa saa.

Katika zama za misafara, mtu wa pwani aliyekosa kumzika mzazi wake Ujiji hakulaumiwa na yeyote. Habari yenyewe ilimfikia majani yamekwisha kuota juu ya kaburi. Umbali ulikuwa udhuru wa kweli. Leo habari hufika kabla machozi hayajakauka. Neno "mbali" limebaki vinywani mwetu, lakini mara nyingi limekuwa vazi la kusitiri uvivu wa moyo. Nami nakiri kwamba nimewahi kulivaa. Nilimwambia shangazi yangu, aliyekuwa mgonjwa, kuwa Kigoma ni mbali. Nilipokwenda, nilikwenda matangani. Safari niliyoiahirisha kwa miaka ilichukua saa mbili.

Labda msomaji atasema kuwa si kila mtu ana nauli ya ndege. Hoja hii ni ya haki. Watu wawili hukaa Dar es Salaam na mama zao hukaa Kigoma. Ramani huwaweka sawa, lakini mfuko huwatenga. Mmoja hupima njia kwa saa. Mwingine huipima kwa siku za garimoshi au basi, na pengine kwa miezi ya kuweka akiba. Kwa hiyo lawama nayo isigawanywe sawasawa: aliyepunguziwa njia ameongezewa deni.

Walakini fedha si kipimo cha mwisho, na historia ya njia za misafara yashuhudia hivyo. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliichukua maiti yake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walikuwa na kila udhuru ambao umbali waweza kumpa mtu, wala hawakuutumia. Hawakuwa na njia fupi; walikuwa na nia iliyotosha njia ndefu.

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndege imeileta fimbo karibu. Mkono wa kuishika ungali wetu.