Tone kwa Mtoto, Mama Je?

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: ukiwa na dawa ya kumkinga mtoto peke yake, ukamkinga, halafu mama yake ukamwacha afe, umetenda wema au nusu ya wema?

Swali hili sikulibuni. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kampala, Uganda. Mama mwenye virusi vya UKIMWI alimeza kidonge kimoja cha nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa dawa hiyo ya maji kabla ya kutimiza siku tatu. Maambukizi yalipungua karibu nusu, yakilinganishwa na ya waliopewa zidovudini kwa muda mfupi. Watu walishangilia, na walistahili kushangilia.

Lakini mama je? Kidonge kile hakikuwa tiba yake. Kilikuwa cha mtoto, kikapitia kwake. Tena ikagundulika kwamba dozi ile moja iliweza kuvifanya virusi vya mama viizoee dawa, hata akija kutibiwa baadaye isimfae sana. Hapa Tanzania dawa za bure za kurefusha maisha zilianza kutolewa mwaka 2004. Waliojifungua kabla ya hapo, jamani?

Mzee mmoja wa Soni nilimwuliza swali hili, akanijibu: "Mwanangu, nyumba ikiungua unaokoa aliye karibu na mlango." Nakubali. Dawa za mama zilikuwa ghali mno, na muuguzi aliyetoa alichokuwa nacho hana lawama. Ila kumwokoa aliye mlangoni ni jambo moja, na kumsahau aliyebaki ndani ni jambo jingine. Mama si chungu, eti ukishapakua unakitupa.

Mimi si daktari. Niliishia kidato cha nne, na sasa nahangaika na riwaya yangu ya kwanza. Lakini huku Lushoto nawaona akina mama wakipanda mlima, mtoto mgongoni, kuni kichwani. Mama huyo akiondoka, nani atambeba mtoto tuliyejisifu kumwokoa?

Mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito na kila anayenyonyesha mwenye virusi dawa za maisha yake yote. Virusi vikifubaa mwilini mwa mama, mtoto hukingwa tumboni na hata ziwani. Naye hupewa dawa yake ya maji kwa majuma sita au zaidi. Kumbe kumtibu mama kwa ajili yake mwenyewe ndiko kunakomkinga zaidi mtoto!

Limebaki letu sisi. Zipo nyumba ambamo chupa ya dawa ya mtoto hukaa chini ya godoro, mama akimwogopa mume na mawifi. Wageni wakikawia sebuleni, dozi inapita. Wataalamu wametengeneza dawa. Ruhusa ya kuitoa mchana kweupe iko mikononi mwetu. Ukimwona jirani akimnywesha mwanawe, usimwulize ni ya nini. Mshikie mtoto.