Mahindi Yaliyonunuliwa Njiani

Je, kuna ubaya gani kununua mahindi barabarani kabla hayajafika sokoni? Ukiuliza swali hili ndani ya matatu inayotoka Kitale kwenda Bungoma msimu wa mavuno, utapata majibu mawili, yote kwa sauti ya juu. Mmoja atasema broka ni mwizi mwenye lori. Mwingine, mara nyingi mwenye buti za mvua na simu mbili, atauliza: kwani alikushikia panga ndio ukauza? Mabishano hayo yalikuwa yananichekesha mpaka yalipoingia nyumbani kwetu.

Khocha wangu, yaani ndugu ya mama, ni broka wa mahindi. Ana Canter moja kuukuu na vijana wawili wa kupakia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo ninaishi kwa kuandika. Malipo ya makala huja kama mvua ya Turkana. Juzi khocha akaniambia, "Mwipwa wangu, una simu na una mdomo. Njoo unitafutie mahindi." Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kabla ya jua kuchomoza unapigia watu wa Kiminini, Kamukuywa, Naitiri. Unajua nani ana mgonjwa hospitalini, nani mtoto wake amerudishwa nyumbani. Unamfikia huyo kabla hajafunga magunia yake kwenye bodaboda kuelekea sokoni. Unalipa taslimu. Basi.

Sasa, kuna nchi moja ambapo kazi hiyo ilikuwa kosa la jinai kwa miaka mingi. Ni Uingereza. Katika vijiji vyao vya kale vyenye soko, nafaka ilipaswa kuletwa uwanjani, ikaonekana, halafu kengele ipigwe. Saa za kwanza zilikuwa za watu wadogo, wanaonunua cha kula nyumbani. Wafanyabiashara wakubwa walisubiri zamu yao. Sheria ya mwaka 1552 ilitaja makosa matatu: kumwahi muuzaji njiani, kununua kwa wingi ili uhodhi, na kununua sokoni ili uuze tena soko lile lile au la jirani. Hata kabla ya hapo, tangu karne ya 13, bei na uzito wa mkate vilipangwa kulingana na bei ya ngano. Mwaka 1772 Bunge lao likafuta sheria hizo za uhodhi. Miaka minne baadaye Adam Smith akaandika kwamba hofu ya watu juu ya wahodhi nafaka inafanana na hofu yao ya uchawi. Alimwona mfanyabiashara wa nafaka kuwa na faida kwa umma: akipandisha bei mapema, watu wanaanza kubana matumizi, na chakula kinafika hadi mavuno yajayo.

Nilimsomea khocha habari hiyo ya Smith. Alifurahi sana. Alitaka nimwandikie kwenye karatasi aibandike ndani ya lori.

Na kusema kweli, khocha ana hoja. Mahindi ya Novemba yakiwa na maji mengi huota ukungu, na ukungu huleta sumu. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5, na mkulima mwenye magunia manne hana mashine ya kukaushia. Barabara za ndani huwa tope. Kila kizuizi kina mtu wa kulipwa, mwenye risiti au asiye nayo. Halafu mahindi ya Uganda yakivuka kwa wingi pale Malaba au Lwakhakha, bei inaanguka kama embe bovu. Nimemwona khocha akikaa na magunia yake mpaka yanaliwa na fukusi, akauza kwa hasara kwa wafugaji kuku. Anayebeba hatari hiyo yote anastahili kitu. Sioni faida yake kuwa dhambi.

Kukhu yangu anaona, lakini sababu yake si ile niliyoitarajia. Yeye hana shida na mtu kupata pesa. Alifanya biashara soko la Chwele kwa miaka, nafaka na maharagwe, na anajivunia faida alizopata kuliko anavyojivunia wajukuu. Anachosema ni hiki: sokoni, bei ya jirani yako unaisikia. Unapanga gorogoro zako hapa, mwenzako amepanga pale, mnunuzi anatembea katikati, anatukana bei yako, anakwenda kwa mwenzako, anarudi. Hata akikudanganya amekudanganya mbele ya watu. Lakini nyumbani kwako saa kumi na moja asubuhi, mtoto amelala na homa, unasikia bei moja tu.

Nadhani hapo ndipo ubaya ulipo, kama upo. Yule Mwingereza aliyezuiwa kukutana na muuzaji njiani hakuzuiwa kwa sababu njia ni chafu. Njiani hakuna masikio mengine. Soko, kabla ya kuwa mahali pa bidhaa, ni mahali pa kujua. Ukiniwahi kabla sijajua, umenunua mahindi yangu pamoja na kutojua kwangu, na hicho cha pili hukukilipia.

Lakini nisilisifu soko kupita kiasi, maana naandikia Kitale. Mji huu ulijengwa na walowezi waliogawiwa ardhi ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Klabu yao ilisimama mwaka 1924, reli ikafika 1926. Kwa macho ya mgeni, kilikuwa kijiji cha soko cha Kiingereza kilichopandikizwa chini ya Mlima Elgon. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa zile saa za kwanza za watu wadogo. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi katika shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwaka 1935 ikaja sheria ya kuuza mazao ya Waafrika, yenye leseni na masoko maalumu. Ukiisoma haraka utadhani ni ile kengele ya zamani imerudi. Kumbe shabaha yake ilikuwa kujua nani ananunua na kumdhibiti. Kisha 1942, wakati wa vita, serikali ikachukua biashara yote ya mahindi mikononi mwake, na mlowezi akalipwa bei ya juu kuliko Mwafrika. Hakuna aliyefichwa. Bei zote mbili zilijulikana. Wazee wetu walisikia vizuri kabisa, na kusikia hakukuwasaidia.

Kwa hiyo jibu la kukhu linabana mahali. Kujua bei ni kitu kimoja, kuweza kusema hapana ni kingine. Mkulima wa Naitiri leo ana simu. Anaweza kumpigia binamu yake Kitale na kuambiwa gunia linauzwa ngapi. Bado atauza kwa bei ya chini, kwa sababu Januari shule zinafunguliwa, na mahindi hayalipi karo yakiwa ghalani. Mwaka wangu wa kwanza chuoni ulilipwa hivyo. Magunia saba yaliuzwa Desemba yakiwa hayajakauka vizuri. Mwezi wa sita mama alikuwa akinunua mahindi kwa gorogoro, na kila mkebe ulikuwa karibu mara mbili ya bei aliyouzia. Mnunuzi hakutudanganya. Alikuja kwa wakati, akalipa zote, hata akatuachia magunia matupu mawili. Bado nashindwa kumwita mwizi, na bado nashindwa kusema hapakutokea kitu.

(Gorogoro, kwa wasomaji wa pwani, ni ule mkebe wa takriban kilo mbili tunaopimia nafaka. Upo wenye kitako kilichogongwa kikaingia ndani. Huo sina haja ya falsafa kuuhukumu.)

Mwanahistoria E. P. Thompson aliandika mwaka 1971 juu ya makabwela wa Uingereza wa karne ya 18 waliosimamisha magari ya nafaka. Mara nyingi hawakuipora. Waliiuza wao wenyewe pale pale kwa bei waliyoiona ya haki, na pesa wakampa mwenyewe. Jambo hilo limenikaa kichwani. Watu wenye njaa, nafaka iko mkononi, na bado wanahesabu chenji ya mwenye mali! Ina maana walikuwa na picha kamili ya biashara halali, na mwenye nafaka alikuwa ndani ya picha hiyo. Walichokataa ni yeye kukaa nje yake.

Nikarudi kwa khocha na sharti. Nitapiga simu, nitatembea, nitahesabu. Ila kabla hatujapima, nitamwambia muuzaji bei ya Kitale ya siku hiyo, nitamtajia gharama ya usafiri, na nitamtajia faida tunayotaka. Na mwenye shida ya karo, tumpe sehemu ya pesa sasa, magunia yakae kwake mpaka Machi kama anataka.

Khocha alicheka mpaka akaketi kwenye tairi. "Mwipwa, wewe unataka kunifilisi kwa Kiswahili sanifu." Halafu akanyamaza kidogo, akauliza hiyo ya Machi ingekuwaje, na nani angebeba hasara fukusi wakiingia. Nikamwambia nusu kwa nusu. Akasema mwenye mahindi hatakubali. Nikasema tumuulize.

Tumekubaliana lori moja. Nikirudi nalo nusu tupu, mafuta yanakatwa kwenye mshahara wangu. Tunaanza na Ndalu, Jumanne.