Kuziba Ufa na Kuficha Ufa

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa watoto mapema, na aghalabu mafundisho huishia hapo: ziba ufa. Mtoto haambiwi kuwa ufa huzibwa kwa nia mbili. Mtu mmoja huuziba ili ukuta usimame. Mwingine huuziba ili mnunuzi wa nyumba asiuone. Udongo ni ule ule, mwiko ni ule ule, na ukizitazama kwa mbali kazi zao zafanana. Tofauti yao imo moyoni. Nataka kuifuata tofauti hiyo katika jambo lililo mbali na kuta za udongo, nalo ni kununua na kufufua magari ya zamani ya Kitaliano. Nimelichagua kwa sababu ndani yake swali hili huonekana wazi kuliko mahali pengi, na kwa sababu nina deni la kulijibu swali hili mimi mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Italia viliunda magari yaliyoitwa Gran Turismo, yaani magari ya safari kubwa. Gari la namna hiyo lilikusudiwa kuwachukua watu wachache na mizigo yao kutoka nchi moja hata nyingine kwa kasi, wala lisiwachoshe. Mfano mzuri ni Maserati 3500 GT, lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Geneva mwaka 1957 na kuundwa Modena hata mwaka 1964. Mengi ya magari hayo yalivikwa bodi na kampuni ya Touring ya Milan. Mafundi wake waliunganisha mabomba membamba ya chuma yakawa kama mifupa, kisha wakavika juu yake mabati mepesi ya alumini yaliyofinyangwa kwa mkono, kama ngozi. Namna hiyo ya kazi waliiita Superleggera, maana yake nyepesi mno.

Lakini ndoa ya chuma na alumini ina maradhi yake. Unyevu ukiingia kati yao, alumini huliwa polepole, na chuma nacho hushika kutu. Ugonjwa huo huanza ndani. Kwa nje rangi yaweza kung'aa hali mifupa yameguka kama biskuti. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye busara haanzi na rangi. Hulala chali chini ya gari akiwa na taa mkononi, akazipapasa sehemu za chini ya milango mahali maji yanapotuama. Husoma nambari iliyopigwa katika chasisi na ile iliyopigwa katika injini, akazilinganisha na kumbukumbu za kiwanda. Huuliza hati, picha za zamani na stakabadhi za mafundi waliotangulia. Mtu huyu ananunua gari pamoja na habari zake. Na habari zikiwa za uongo, amenunua gari jingine asilolijua.

Akisha kununua, kazi huanza, na pamoja nayo shaka. Fundi hufumua bodi akaona bati limetoboka. Aweza kukata sehemu iliyooza tu, akalehemu kipande kipya na kukisawazisha kwa nyundo taratibu, siku baada ya siku. Au aweza kulitupa bati zima na kufinyanga jipya. Mara nyingi njia ya pili ni nyepesi, na mwisho wake ni laini machoni. Walakini bati lile la kale lilipigwa kwa mkono wa fundi wa Milan ambaye yamkini hayupo tena duniani, na huenda alama za kazi yake zingali upande wa ndani. Likitupwa, kazi ya mtu huyo imetupwa pamoja nalo. Baada ya bati huja ngozi ya viti, kisha nyaya za umeme, kisha pistoni. Kila badiliko lina sababu yake njema. Lakini siku gari linapotoka karakana liking'aa, mwenye gari aweza kujiuliza: je, hili ndilo lile nililolinunua?

Swali hilo ni kongwe kuliko magari yote. Mwandishi wa Kigiriki aitwaye Plutarch alieleza jinsi Waathene walivyohifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus. Ubao ukioza waliutoa, wakatia mwingine wenye nguvu mahali pake. Hatimaye wanafalsafa wakagawanyika: hawa walisema ni merikebu ile ile, wale wakasema siyo. Mabishano hayo hayajakwisha hata leo.

Mwaka 1990 yaliingia mahakamani Uingereza. Palikuwa na gari la Kiingereza, Bentley iliyoitwa Old Number One, lililoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Kampuni moja ilikuwa imelinunua kwa ahadi ya pauni milioni 10, kisha ikakataa, ikidai kuwa chuma kilichoshinda mashindano hayo karibu chote kilikwisha kuondolewa. Hakimu alikubali kuwa gari lile si la asili, kwa maana halikubaki na vitu vyake vya kwanza. Hata hivyo alihukumu kuwa ni gari halisi. Sababu yake ni kwamba halikupata kutoweka na kuzaliwa upya. Lilibadilishwa kidogo kidogo, na maisha yake yalikuwa uzi mmoja usiokatika.

Naona hukumu hiyo ina hekima, nayo hutuondolea kosa moja la kawaida, kosa la kudhani kuwa uhalisi ni kutoguswa. Hata Maserati yetu haikuzaliwa bila mchanganyiko: giaboksi yake ilitoka kwa ZF wa Ujerumani na breki zake kwa Girling wa Uingereza. Kisha tangu mwaka 1961 baadhi ya magari hayo yaliwekewa mtambo wa Lucas wa kupuliza petroli kwa shinikizo. Mtambo huo uliwasumbua watu wengi, na baadhi yao waliung'oa wakatia kabureta za Weber. Sasa fundi wa leo afanyeje? Aurudishe mtambo wa Lucas kwa kuwa gari lilizaliwa nao, au aziache kabureta zilizolitumikia gari muda mrefu zaidi? Mimi nasema njia zote mbili ni za haki, ila kwa sharti moja: aandike alilokuta, na aandike alilofanya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mwongozo uitwao Mkataba wa Turin, nao pia hutenga kuhifadhi na kufufua, na hutaka kazi zinazofanywa ziwekwe katika maandishi.

Basi ikiwa uhalisi umo katika uzi wa habari, mwizi wa uhalisi haibi chuma. Huiba habari. Hupiga nambari mpya juu ya ile ya zamani, au huyapaka rangi mabati yaliyooza akasema gari halijapata kuguswa. Hapo ndipo ninapolazimika kusema habari zangu.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuwa na baiskeli. Mwaka wa mwisho niliona ufa mwembamba katika kiungo cha fremu, chini ya usukani. Fundi wa mtaani aliniambia kuwa aweza kulehemu, lakini nikitaka kuiuza nimweleze mnunuzi, maana chuma kilicholehemiwa hapo kinahitaji kuangaliwa. Sikurudi kwake. Nilinunua kopo la rangi nyeusi. Nilipaka mikono miwili nikauona ufa umetoweka, na nakiri kuwa nilijisifu kwa unadhifu wa kazi yangu. Jumamosi ile ile nilimwuzia mwenzangu wa darasa. Siku ya nne fremu ilikatika mteremkoni akavunjika mkono wa kuume, na juma lililofuata tulikwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Alifundisha muda wote akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na watoto walimcheka.

Mwaka mzima ulipita kabla sijamrudishia fedha zake na kumweleza. Alinijibu kwa upole kuwa alikwisha kujua. Siku ile ya kuanguka aliitazama fremu akaona kuwa nusu ya mvunjiko iling'aa kama fedha, na nusu yake ilikuwa na kutu ya zamani. Kutu ya namna hiyo haingii kwa siku nne. Alikuwa akingoja niseme.

Msomaji aweza kusema kuwa magari ya Kitaliano ni mambo ya matajiri, na kwamba hayamhusu. Lakini ufa wangu ulikuwa mwembamba kama unywele, na bei yake haikufika hata thamani ya tairi moja la Maserati. Dhambi ilikuwa ile ile.

Je, yafaa basi tusitengeneze kitu, tukakiacha kama kilivyo ili kisidanganye? Wako wanaoelekea huko. Mwaka 2014 magari mengi ya kale yalipatikana yameachwa mashambani magharibi ya Ufaransa, na mojawapo lilikuwa Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961, limefunikwa kwa magazeti. Mwezi wa Februari 2015 liliuzwa mnadani Paris na vumbi lake, kwa zaidi ya yuro milioni 16. Hakuna aliyelipiga msasa, kwa kuwa wanunuzi walilithamini vumbi lile kama shahidi asiyeweza kuhongwa. Nalikubali jambo hilo kwa gari adimu. Lakini gari liliumbwa liende, ukuta uliumbwa usimame, na baiskeli yangu ilihitaji kulehemiwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asiyetengeneza kwa hofu ya kudanganya ameukimbia uongo akaangukia uvivu.

Mtu naye hufanywa upya. Kijana aliyekuwa mwizi akaacha, na mlevi aliyejirudi, wamebadilishwa mbao zao moja moja kama merikebu ya Theseus. Tusimwambie mtu wa namna hiyo kuwa si halisi kwa sababu aliwahi kuoza mahali fulani. Wala hana wajibu wa kutangaza makovu yake sokoni. Mpita njia anayelitazama gari barabarani hana haki ya kuonyeshwa kila mshono. Atakayelipanda na kulilipia anayo. Vivyo hivyo kila mtu atakayetuwekea uzito wake, awe rafiki, mwajiri au mchumba, anayo haki ya kujua mahali tulipozibwa, kwa kuwa mahali hapo ndipo atakapoegemea.

Kwa hiyo vijana, mkikuta ufa, zibeni. Zibeni vizuri, kwa chuma safi na mkono usio na haraka. Kisha atakapokuja mtu na kuuliza, mwonyesheni ulipokuwa. Yule mwenzangu sasa ni mwalimu kama mimi, na mkono wake ulipona. Lakini nikimwona anaandika ubaoni, mpaka leo, hutazama kwanza ni mkono upi ulioshika chaki.