Mfungo wa Mwenye Ghala

Kila mwaka Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na tarehe 10 Machi. Katika nchi yetu ya Kasulu na Kibondo huo ni wakati wa mvua na jembe. Kule Kagerankanda, katika nyumba nyingine, akiba ya mwaka uliopita imekwisha na mahindi ya shambani hayajakauka. Ndipo watu huulizana: Mwenye njaa tayari afunge nini tena? Swali hili si la mzaha, yafaa tulijibu.

Tukisoma Injili ya Mathayo, sura ya 4, twaona ya kuwa Bwana wetu alifunga siku 40 jangwani, na Mjaribu akamjia alipokuwa na njaa, akamtaka ageuze mawe kuwa mikate. Basi njaa peke yake si mfungo. Ni mahali ambapo jaribu humngojea mtu. Mwenye njaa hujiwa na wazo la kuvunja mahindi ya jirani usiku. Akilishinda wazo hilo amefunga kweli, ijapokuwa hakuwa na chakula cha kuacha.

Lakini jaribu halibishi mlango wa maskini tu. Tumtazame mwenye ghala. Ijumaa hali nyama, na Njia ya Msalaba haikosi. Jumamosi jirani yake aja na kusema, “Ndugu yangu, watoto wamelala bila kula, nikopeshe debe moja la mahindi.” Naye amjibu, “Chukua, lakini wakati wa mavuno utanilipa gunia zima.” Jirani akubali, maana tumbo halina subira. Mwenye ghala hakuiba wala hakusema uongo. Walakini ameigeuza njaa ya mwenzake kuwa mkate wake.

Wengine watasema, “Alikubali mwenyewe.” Hatukatai ya kuwa mkopeshaji ana haki ya kurudishiwa mali yake. Lakini je, mtu ambaye watoto wake wanalia ana nafasi gani ya kukataa? Wahenga walisema, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hiyo ndiyo kazi ya Kwaresima: kumfundisha mwenye shibe, kwa tumbo lake mwenyewe, yale ambayo masikio yake hayakuyasikia. Asipojifunza hayo, amepunguza chakula tu. Nabii Isaya naye, katika sura ya 58, aliwaonya watu waliofunga huku wakiwaonea watenda kazi wao.

Basi yatupasa sisi tulio na akiba kutenda mambo mawili kabla ya Pasaka. Kile tunachokiacha mezani kisirudi ghalani, bali kipelekwe kwa jirani. Na aliyemfunga mwenzake kwa deni la namna hii aende mwenyewe akalipunguze, liwe debe kwa debe. Neno hili ni gumu kuliko kuacha nyama siku zote 40, wala hakuna atakayelisifu kanisani. Lakini roho hukua kama muhogo, chini ya udongo. Ukubwa wake hujulikana siku ya kung’olewa.